Tunataka kukaanga kahawa ya kijijini kwetu: je, mlango umefungwa?

«Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa miaka 27, nina stashahada ya kilimo, na nimezaliwa na kukulia Mbozi mkoani Songwe. Baba ana miti 900 ya kahawa na ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kijiji chetu. Kila mwaka kahawa yetu inapakiwa na kuondoka, nasi nyumbani tunakunywa chai. Mimi na wenzangu wanne tumekusudia kununua kahawa ya maganda kwa majirani kwa fedha taslimu, tuikoboe, tuikaange, tuifungashe na kuiuza Mbeya na Dar es Salaam. Tumeanza kufuatilia mkopo wa vijana wa halmashauri, na kuna mtu anatuuzia mashine ya kukaangia kilo 5 kwa mkupuo kwa shilingi milioni 18. Karani wa chama ametuambia kwamba kahawa haiguswi na mtu binafsi na kwamba tutakamatwa. Mjomba naye anasema biashara hii ina wenyewe, na Watanzania hawanywi kahawa. Je, ni kweli kwamba mlango umefungwa kwa vijana? Na tuchukue huo mkopo?»

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja: la sheria, la soko na la fedha. Ukiyachanganya, utajikuta unaogopa pale pasipo na hatari na unajiamini pale penye shimo. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi. Njia ya kununua kahawa kwa majirani mlangoni kwao ndiyo mbaya kuliko zote mlizozifikiria, na karani wenu ana sababu ya kuwaonya. Njia ya kukaanga, kufungasha na kuuza kahawa hapa nchini iko wazi kwa kijana kama ilivyo wazi kwa mtu mwingine yeyote, ilimradi apate leseni. Mashine ya milioni 18 msiinunue mwaka huu.

Tuanze na karani. Tangu msimu wa 2018/2019 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na kampuni binafsi zilizokuwa na vituo vya ununuzi vijijini zikaondolewa katika hatua hiyo. Vijana wengi huliona agizo hili kama ukuta uliojengwa dhidi yao. Tazama jinsi fedha inavyozunguka shambani, nawe utaona kilichokuwa kinalindwa. Mkulima anahitaji mbolea na dawa miezi mingi kabla ya kuvuna, wakati ambao mfukoni hana kitu. Chama kinamkopesha pembejeo hizo au kinamdhamini, na dhamana pekee inayoaminika ni kahawa iliyo mtini. Msimu ukifika, kahawa inapelekwa chamani, inauzwa, deni linakatwa, kinachobaki analipwa mkulima. Sasa fikiria kijana mwenye fedha mkononi anapita nyumba kwa nyumba mwezi wa saba. Mkulima anayedaiwa ana kila sababu ya kumuuzia huyo na kukikwepa chama. Wakifanya hivyo watu thelathini, chama kinashindwa kulipa deni lake, na mwaka unaofuata hakuna pembejeo kwa yeyote, hata kwa yule aliyekuwa mwaminifu.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Kule Kagera kuna desturi inayoitwa butura, ambapo mwenye fedha humlipa mkulima mapema, kahawa ikiwa bado maua au punje changa, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mkulima ana mtoto anayedaiwa ada au mgonjwa hospitalini. Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa ameuza mavuno ya miti yake yote kwa njia hiyo kwa miaka miwili mfululizo. Alikuwa anaipalilia kahawa ambayo si yake tena, katika ardhi ya baba yake. Wewe na wenzako hamna nia hiyo, nalijua hilo, lakini mnunuzi yeyote wa mlangoni mwenye haraka na mtaji mdogo husukumwa taratibu kuelekea huko, maana faida yake yote hutegemea unyonge wa anayemuuzia. Wazee wanaulinda ushirika kwa sababu hii hii. Wakulima wadogo wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kisha mwaka 1933 wakaunda KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, ili wasimame pamoja mbele ya soko. Ushirika umekosea mara nyingi tangu hapo, wakulima wamecheleweshewa malipo na wengine wamedhulumiwa, na sikatai hata moja kati ya hayo. Hata hivyo, dawa ya chama kibovu ni wanachama wanaohudhuria mikutano na kusoma hesabu, na katika hilo binti mwenye stashahada ana kazi kubwa ya kufanya.

Kwa hiyo karani yuko sahihi kuhusu ununuzi wa mlangoni, na amepitiliza aliposema kwamba kahawa haiguswi na mtu binafsi. Kahawa ni zao linalosimamiwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001, na msimamizi wake ni Bodi ya Kahawa Tanzania yenye makao makuu Moshi. Kusimamiwa maana yake ni kwamba kila hatua ina leseni yake: kununua, kukoboa, kukaanga, kusafirisha nje. Anayekaanga akiwa na leseni, kwa kahawa aliyoipata kwa njia inayoonekana kwenye karatasi, hakamatwi na mtu. Anayekamatwa ni yule aliye na magunia kumi ya kahawa ya maganda ndani ya gari usiku bila hati yoyote, na hapo hakuna atakayesikiliza kwamba nia yake ilikuwa kukuza unywaji wa ndani. Jambo la kukumbuka ni kwamba Bodi hutoa mwongozo wa masoko kwa kila msimu, na mwongozo huo hubadilika. Usifanye mipango kwa kutegemea alichoambiwa rafiki yako mwaka juzi. Uombe mwongozo wa msimu huu, uusome wote, na kipengele usichokielewa ukiulize kwa maandishi.

Sasa mtapata wapi kahawa? Njia kuu ni mnada, ambako kahawa iliyokobolewa na kupangwa madaraja huuzwa kwa loti, yaani mafungu ya magunia. Ugumu wake kwa kijana uko kwenye ukubwa wa loti na masharti ya malipo: mnunuzi anatakiwa kulipa ndani ya siku chache, kwa magunia mengi kwa pamoja, ilhali ninyi mnahitaji labda magunia mawili kwa mwezi. Kwa maoni yangu hapa ndipo mlango wa vijana ulipobana kuliko pengine pote, na unabana bila mtu yeyote kuwakataza. Februari 2025 viongozi wa nchi za Afrika zinazolima kahawa walikutana Dar es Salaam, na ajira kwa vijana ndiyo iliyokuwa mada kuu ya mkutano. Nilifurahi kulisikia neno hilo likisemwa mbele ya marais. Ningefurahi zaidi kuona loti ndogo za magunia mawili au matatu zikitengwa kwa ajili ya wakaangaji wa ndani, kwa sababu hatua hiyo ingewafaa vijana wengi kuliko semina ishirini za ujasiriamali. Hadi hapo itakapofanyika kwa upana, wakaangaji wadogo ninaowafahamu hufanya mojawapo ya mambo mawili: hununua kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kidogo kidogo kwa mfanyabiashara mwenye leseni aliyekwisha kununua mnadani, au huungana wakaangaji kadhaa, mwenye leseni ya kununua akachukua loti moja, wakagawana kwa hati.

Kwenu ninyi iko njia ya tatu inayostahili kujaribiwa, na inaanzia kwa huyo huyo karani. Mwombe akupangieni muda mbele ya bodi ya chama. Kahawa ya chama chenu ni ya wanachama, na baba yako ni mmoja wao. Chama kinaweza kuandika kwenye Bodi ya Kahawa na kuuliza utaratibu wa kutenga sehemu ndogo ya kahawa yake, baada ya kukobolewa, ili ikaangwe kwa jina la kijiji, nanyi mkawa wakaangaji na wauzaji wake. Kijiji kitapata pakiti yenye jina lake, chama kitapata bei isiyopungua ya mnada, nanyi mtapata kahawa mnayoijua tangu shambani. Huenda wakakataa mara ya kwanza. Rudini mkiwa na pakiti mliyokwisha kuikaanga, maana wajumbe wengi wa bodi za vyama hivi hawajawahi kuionja kahawa yao wenyewe.

Nije kwenye kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki, nalo ni kudhani kwamba ukiwa karibu na shamba kahawa itakuwa rahisi. Bei ya arabika, aina ya kahawa mnayolima Mbozi, haipangwi Mbozi. Hupangwa kwenye soko la New York, kama ile ya robusta, aina nyingine ya kahawa, inavyofuata London, na mnadani wanunuzi huanza na bei hiyo kisha wakaongeza au kupunguza kulingana na ubora. Mkaangaji wa Mbeya anagombea gunia moja na mnunuzi wa Ujerumani au Japani. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili huko New York, yaani karibu dola 9 kwa kilo, na wakaangaji wa hapa nchini waliumia siku hiyo hiyo, ingawa miti iko umbali wa kutupa jiwe kutoka dirishani kwao. Mkulima alistahili kabisa bei hiyo, na sitaki kamwe biashara yenu ijengwe juu ya matumaini kwamba atalipwa kidogo. Lakini lazima hesabu yenu iweze kuihimili.

Unafuu upo mahali ambapo watu hawapatazami, kwenye madaraja. Mtu akisikia AA anadhani ni kahawa tamu kuliko zote. AA, A, B na C ni ukubwa wa punje, zinachekechwa kwa matundu. PB ni punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. AF, TT na F ni punje nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine. Ladha huamuliwa na mwonjaji, kando kabisa na chekeche. Katika kahawa iliyotoka mti mmoja, ikavunwa ikiwa nyekundu na kukaushwa vizuri, punje za B na C zinaweza kukupa kikombe kizuri sawa na AA, kwa sababu zimelelewa na udongo ule ule na mikono ile ile. Mnunuzi wa nje hulipia zaidi ukubwa kwa sababu wateja wake wamezoea kuutazama. Ninyi mnauza kinywaji. Nunueni B na C nzuri, mzionje kwanza, na msiguse nyepesi hata zikiwa nusu bei.

Sasa tushike kalamu. Nitatumia bei za mfano, nawe utaweka za msimu wako. Tuseme mmepata kilo 100 za kahawa safi kwa shilingi 15,000 kwa kilo, jumla 1,500,000. Mkizichambua kwa mkono mtatoa kama kilo 4 za punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Zinazobaki 96 zikikaangwa hupoteza maji na kuwa na uzito pungufu kwa takriban asilimia 18, kwa hiyo mtabaki na kilo 78 na kidogo. Hapo tayari kila kilo iliyokaangwa imewagharimu zaidi ya shilingi 19,000 kabla ya kulipia hata kibiriti. Zifungeni katika pakiti 312 za gramu 250, kila moja ikiwa na kahawa ya shilingi 4,808. Ongezeni mfuko na lebo 900, ujira wa kukaangiwa 500, usafiri na mengineyo 400, jumla 6,608. Dukani itauzwa 10,500, na mwenye duka akichukua robo yake, mtarudishiwa 7,875. Mnabakiwa na 1,267 kwa pakiti, yaani kama shilingi 395,000 kwa kazi yote, mgawane watu watano, na maduka makubwa mengi hulipa baada ya siku 30 au 60. Kahawa safi ikipanda kutoka 15,000 hadi 20,000 kwa kilo, na ninyi msipandishe bei, kila pakiti itawatoa hasara ya zaidi ya shilingi 300.

Sikuonyeshi hesabu hii ili ukate tamaa. Nimeona vikundi vingi vikiingia kwa furaha ya lebo nzuri na kutoka kwa madeni, na katika kila kimoja hesabu hii ilikuwa haijawahi kuandikwa. Angalia kwa makini mahali fedha inapolalia: kwenye kuchelewa kwa malipo ya duka, kwenye mfuko, na kwenye kahawa ya kutumia miezi ambayo si ya mavuno. Mbozi mnavuna kuanzia katikati ya mwaka, lakini mteja wako anakunywa Februari na Machi pia. Hifadhini kahawa safi huko huko juu penye baridi na ukavu, ikiwa na unyevu wa kama asilimia 11, juu ya mbao, mbali na ukuta, na mkaange kila mwezi kiasi mtakachouza. Magunia mkiyashusha Dar es Salaam na kuyaweka stoo, joto na unyevu wa pwani vitaiharibu ladha kabla ya miezi mitatu kwisha.

Mjomba wako anasema Watanzania hawanywi kahawa. Ni kweli kwamba zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ya kahawa yetu huuzwa nje, wakati Ethiopia takriban nusu ya kahawa inayolimwa hunywewa humo humo. Lakini aende Kagera, aone kahawa ya kutafuna, ile robusta inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa, anayokaribishwa nayo mgeni hata kabla hajaulizwa habari za safari. Kisha ashuke Tanga, Zanzibar au Kariakoo baada ya swala ya alasiri. Atamwona muuza kahawa na birika lake la shaba juu ya mkaa, anagonganisha vikombe vya udongo, na wazee barazani wanasogeza bao pembeni. Kahawa yake ni nyeusi, chungu, ina tangawizi, inateremshwa na kashata, na bei ya kikombe haifiki nusu ya soda. Watu hawa wanakunywa kila siku, wengine mara tatu kwa siku, na wanalipa papo hapo.

Vijana wanaoanzisha chapa za kahawa huwaruka watu hawa na kuwakimbilia wateja wa migahawa yenye viyoyozi, ambako tayari kuna wakaangaji wenye mitaji mikubwa. Nadhani wanakosea. Muuza kahawa wa barazani hununua buni mbichi asiyojua ilikotoka, anaikaanga mwenyewe kwenye sufuria na kuitwanga kinuni, na kazi hiyo inamla asubuhi nzima. Mpelekee kilo mbili za kahawa iliyokaangwa vizuri na iliyotoka kusagwa, bila mfuko wa gharama wala lebo, na uirudie kila Jumatatu bila kukosa. Kwake tumia robusta, au mchanganyiko wenye robusta nyingi, kwa sababu anataka uchungu na uzito kikombeni, na arabika yenu laini itamwonekea kama maji. Hatawalipa sana kwa kilo, lakini mna hakika ya kumuuzia wiki ijayo, na biashara changa huponea kwenye hakika hiyo. Kahawa ya pakiti iwe mguu wa pili, ikue taratibu kupitia ofisi, hoteli ndogo za Mbeya na watu wanaoagiza kwa simu.

Kuhusu kukaanga kwenyewe, inabidi uelewe kinachotokea ndani ya punje ndipo utajua kwa nini nakuzuia kununua mashine. Punje mbichi ina maji. Ukiipasha, kwanza inageuka njano na kunukia kama mkate, kisha inakuwa ya kahawia, na ikikaribia nyuzijoto 200 mvuke ulioshindwa kutoka huipasua, ukasikia mlio kama wa bisi. Dakika chache zinazofuata mlio huo ndizo zinazoamua kama utapata utamu, uchungu au majivu. Moto ukiwa mkali mno mwanzoni, punje huungua nje na kubaki mbichi ndani. Ipasue moja kwa kucha ulinganishe: ndani na nje ziwe na rangi zinazokaribiana. Baada ya hapo kahawa huendelea kutoa gesi kwa siku kadhaa, ndiyo sababu mifuko mizuri ina kitundu chenye kizibo cha njia moja, na ikishasagwa hupoteza harufu ndani ya siku chache. Haya yote utajifunza kwa kikaango kizito cha chuma na gramu 200 kwa mara, ukiandika muda na rangi kwenye daftari, kwa mikaango hamsini au sitini.

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha vijana wanane kiliniita baada ya kununua mashine kwa mkopo. Nilipofika niliikuta imefunikwa turubai. Ilihitaji umeme wa njia tatu, na jengo walilopanga lilikuwa na wa njia moja. Aliyewauzia hakuwauliza, nao hawakujua kwamba ni jambo la kuuliza. Miezi saba ilipita marejesho yakidaiwa na mashine haijakaanga hata kilo moja. Katika muda ule ule wangeweza kukaangiwa kwa malipo kwenye kiwanda cha mtu mwingine na kujua kama wana wateja. Ninyi fanyeni hivyo: tafuteni mkaangaji mwenye leseni Mbeya au Mbozi, awakaangie kilo 20 au 30 kwa mwezi kwa maelekezo mliyoyapata kikaangoni. Mkifika mahali ambapo mnauza kilo 100 kwa mwezi kwa miezi sita mfululizo, na mkaangaji huyo anawachelewesha, hapo mashine itakuwa imejiombea kununuliwa.

Mkopo wa halmashauri ni kitu kizuri. Unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, hauna riba, na baada ya kusitishwa mwaka 2023 ulirejeshwa mwaka 2024. Lakini kutokuwa na riba hakuufanyi kuwa sadaka, na kikundi kizima hubeba deni pamoja. Mmoja wenu akiolewa na kuhamia Mwanza, mwingine akipata ajira serikalini, waliobaki ndio watakaodaiwa. Ombeni kiasi kidogo kinachotosha kununua kahawa safi ya miezi mitatu, mifuko na leseni, na kabla ya kutia sahihi andikeni katiba ya kikundi inayosema wazi anayeondoka anaondokaje na anaacha nini. Katiba hiyo mwonyesheni mwanasheria au mhasibu ana kwa ana. Mimi siwezi kuisoma kutoka hapa, na ni karatasi itakayowasaidia kubaki marafiki.

Na wewe mwenyewe usiisahau miti 900 ya baba. Mara nyingi kijana haingii kwenye kahawa kwa sababu shamba ni la mzee hadi mzee afariki. Zungumza naye akiwa na afya, akukabidhi hata miti 200 uitunze kwa hesabu yako, kisha uombe uanachama wa AMCOS kwa jina lako. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichopo Mbimba, hapo hapo Mbozi, kina aina chotara zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na kitalu cha miche hiyo ni biashara halali isiyosubiri bei ya New York. Kwa stashahada yako, kitalu kinaweza kukulisha katika miaka ambayo pakiti bado zinatafuta wateja.

Yapo mambo usiyoweza kuyamaliza kwa kusoma, nayo yanataka miguu. Leseni ya kukaanga na utaratibu wa kupata kahawa ulizia ofisi ya kanda ya Bodi ya Kahawa. Jina la biashara ni BRELA, namba ya mlipakodi ni TRA, leseni ya biashara ni kwa Afisa Biashara wa halmashauri, na mkopo ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Usajili wa jengo na bidhaa ya chakula uko TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho inayoweza kumpunguzia gharama. Jengo lioneshwe kwa mkaguzi kabla ya kupaka rangi, kwa sababu sinki au mlango uliowekwa pasipotakiwa hugharimu mara mbili.

Ukienda kwenye ofisi ya Bodi, nenda na mzigo mkononi. Chukua nusu kilo ya kahawa ya maganda kutoka uani kwa baba, kwa ridhaa yake na ya chama, iandike tarehe ya kuvunwa, siku ilizolala kwenye maji na siku ilizokaa kwenye kichanja, na uombe ikobolewe na kuonjwa mbele yako. Mwonjaji akiitema chini na kuandika kitu kwenye karatasi yake, muulize ameandika nini na kwa nini. Kama atataja uchachu usiopendeza au harufu ya udongo, tatizo lenu la kwanza liko kwenye kuchachusha na kukausha, na mtalishughulikia mwezi wa saba huko nyumbani, kabla ya lebo, kabla ya mkopo, kabla ya kumpigia simu tena yule mwenye mashine.